Magurudumu Yaliyolowekwa

Harufu ya mpini wa jembe ulioloweshwa hunirudisha utotoni hadi leo.

Baba alikuwa amepeleka ng'ombe wetu wawili wa mwisho awabadilishe kwa gari la kukokotwa la Mdachi aliyekuwa anahama. Alilikagua kama fahali, akalipapasa, akatikisa magurudumu ya mbao. Hayakucheza hata kidogo. Mdachi akanyoosha mkono kupokea kamba ya ng'ombe.

Ndipo nikasikia harufu ile. Kiangazi kikali, na ardhi chini ya magurudumu imelowa.

“Baba, yamelowekwa,” nikasema kwa Kigogo, Mdachi asielewe, “kama mama anavyoloweka mpini uliolegea. Yakikauka yatachomoka.”

Baba alinizaba kofi. Mtoto wa kike haingilii maneno ya wakubwa. Kisha akajizungushia kamba mkononi, akawageuza ng'ombe wetu kuelekea nyumbani.