Vifaru Barazani Tibirinzi

Baada ya alasiri, baraza ya nyumba yetu Tibirinzi hugeuka makao makuu ya jeshi. Wanaume huja na kahawa na simu, wakatazama video za vita vya Ulaya, na mimi dirishani nachambua mchele huku nawasikia wakivishinda vita hivyo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kugusa kifaru.

Mwaka huu walipata mwanafunzi: mdogo wangu, dereva wa lori la mchanga. Wakala mmoja wa kwenye simu alimwahidi kazi ya kuendesha "magari mazito" katika nchi yenye vita. Mama alikonda kwa hofu. Majenerali walifurahi kana kwamba wao ndio waliomtafutia.

Wakamsomesha. Mkuu wao, karani mstaafu, alieleza kwamba bazuka ya begani haitoboi chuma kwa kugonga. Kichwani mwa kombora lake mna koni ya shaba; baruti ikilipuka nyuma yake, koni inakuwa ulimi mwembamba unaopenya. Askari wa zamani walirundika magunia ya mchanga juu ya vifaru, yakasaidia kidogo sana. Baadaye wakavivisha matofali ya baruti, yalipuke kwa nje na kuuvuruga ule ulimi. Wenye bazuka nao wakatia vichwa viwili: cha kwanza kivunje tofali, cha pili kiingie. Sasa, kwa kuogopa droni zinazoshuka na mabomu, vifaru vinafungiwa vizimba vya nondo kama kuku.

"Vizimba vya nini?" akasema shemeji yetu, mvuvi wa Kojani. "Nyavu!"

Kesho yake akaja na jarife zima la kuvulia papa, linanuka mpaka jikoni, kijana asafiri nalo. Wakalipima, wakalisifu, wakabishana ukubwa wa matundu. Nilitamani kuwamwagia maji ya mchele.

Mama akatoka mlangoni. "Hebu nambieni nyie wasomi. Dereva wa kifaru hukaa wapi?"

"Mbele, Bi," karani akasema. "Mbele kabisa."

"Na kikiwaka moto, atoka vipi?"



Mama akarudi ndani, akaichukua pasipoti ya mwanawe, akaifungia sandukuni, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Ndege imeondoka bila yeye. Mdogo wangu hasemi na Mama tena, na majenerali wanamhurumia kwa kukosa bahati. Juzi nilimwambia Mama kwamba mtoto amenuna kupita kiasi.

"Na anune," akajibu, akiendelea kukuna nazi. "Mie nkimsikia abamiza mlango, namshukuru Mungu, nalala."