Dagane na Meli ya Pili

Si kweli kwamba marehemu Dagane ndiye aliyeozesha ngozi za watu wa Iftin, mtaa wa Garissa. Osob, mjane wake, mwalimu mstaafu, amechoka kuusikia uzushi huo.

Mwaka 1996 wafanyabiashara wa ngozi wa Garissa walimtuma Dagane Mombasa akapime nchi imeunganishwa vipi na njia za meli za kontena duniani. Aliulizia bandarini meli ngapi zinatia nanga, ni za kampuni ngapi, zinabeba shehena kiasi gani, na ngapi zinakwenda moja kwa moja hadi kwa wanunuzi. Akarudi na jibu chungu.

"Ya moja kwa moja hakuna. Kontena itashushwa njiani, ingoje meli ya pili juani. Tuzikaushe ngozi kwanza."

Wakamcheka. "Walaal, ndugu yetu, tulikutuma meli, umetuletea hesabu za shule!"

Mdogo wake, Abdihafid, akazipakia mbichi, na chumvi kidogo. Zikaoza. Mwaka huohuo Dagane akafa kwa homa, lawama ikamwangukia asiyeweza kujibu.

Leo Kinsi, jirani wa Osob, yuko kwake anakunywa chai polepole. "Abaayo, dada yangu, kama Dagane alikataza, nani alipakia?"

Uani, Abdihafid anachuna mbuzi kwa ajili ya watoto wa kaka yake, sasa watu wazima. Yeye ndiye aliyewalisha tangu msiba, na jina la ukoo ni lao wote.

Osob akaichukua bilauri mkononi mwa Kinsi.

"Dagane alipima sawasawa. Aliyepakia simtaji, leo wala kesho. Nenda nyumbani."