Mpini Mgumu wa Bwana Ndululu

Kisilu Ndululu alipenda vitu vilivyomzidi. Alikuwa mtu mfupi mwenye mikono myembamba, ofisa wa ushirika wa pamba mjini Kitui miaka ile ya themanini. Koti lake lilimfika magotini. Biblia yake ilikuwa ile kubwa ya kuwekwa mimbarini, na kila Jumapili mkewe Syokau ndiye aliyeibeba. Alinunua pikipiki ambayo miguu yake haikugusa chini, kwa hiyo akitaka kusimama sharti apate ukuta wa kuegemea. Tuliomfahamu tulijua maduka anakonunua kwa kuangalia kuta zilizochubuliwa na pikipiki.

Nisimlaumu peke yake. Mimi na yeye tumezaliwa mteremko mmoja huko Mbooni, na ugonjwa huu najua ulikotoka. Kwetu uta wa mwanamume ulitundikwa ukutani, na mgeni akishamaliza uji alipewa aujaribu. Akishindwa kuuvuta anachekwa, na mwenye nyumba analala vizuri. Uta wa baba yake Kisilu haukuwahi kuvutwa na mgeni yeyote. Mzee mwenyewe pia ulimshinda, ila hilo wageni hawakuambiwa. Nyama ya nyumba ile ililetwa na uta mwingine, laini, uliofichwa nyuma ya ghala. Kisilu alirithi kiburi cha uta wa ukutani, na ule wa nyuma ya ghala nadhani uliliwa na mchwa.

Mtu huyu ndiye aliyeingia gofu. Wazungu walipoondoka walituachia kiwanja kidogo nje ya mji, mchanga na miiba mitupu. Pale penye mashimo, ambapo wenzetu wa Nairobi wana nyasi laini, sisi tulimwaga mchanga tukauchanganya na oili chafu ya malori. Walituachia pia ubao wa makapteni ndani ya klabu, majina yao yakiwa yameandikwa kwa rangi ya dhahabu, na desturi moja: kapteni mteule anapiga mpira mmoja tu mbele ya wanachama wote, kuvusha mto mkavu ulio mbele ya shimo la kwanza. Ukivuka, jina lake linaandikwa ubaoni. Usipovuka, naibu wake anapiga, na akivusha ukapteni ni wake. Wenye desturi walishasahau, sisi tukaishika kwa mikono miwili.

Jina lile ubaoni Ndululu alilitaka kuliko kupandishwa cheo. Mara nyingi nilimkuta amesimama mbele ya ubao na soda mkononi, akipima kwa jicho kama "Ndululu" litaenea. Hatimaye tukamchagua, maana hakuna mwingine aliyeomba. Naibu wake akawa Sista Mwanamisi Abubakar, metroni wa hospitali, mama wa ushungi na maneno machache, ambaye mipira yake haikwenda mbali lakini haikupotea kamwe.

Sasa nieleze habari ya mpini, kwa sababu ndio uliomponza. Ile fimbo kubwa ya pigo la kwanza, tunayoiita draiva, nguvu yake iko kwenye mpini. Mpini laini hupinda kidogo ukiuzungusha, kisha hujinyoosha unapofika kwenye mpira na kuusukuma. Mpini mgumu unataka mtu mwenye mkono wa kasi. Akiushika mtu wa mkono wa polepole, mpira unatoka chini chini, unakata kulia na kuanguka karibu. Mkono wa Ndululu ulikuwa wa polepole sana. Bahati yake, draiva aliyoanza nayo aliachiwa na mmishonari mmoja mwanamke, na mpini wake ulikuwa laini kabisa. Kila Jumamosi alivusha mto kwa fimbo ile, mpira ukienda katikati bila wasiwasi. Mimi nilikuwa katibu wa klabu na niliona kwa macho yangu.

Alipochaguliwa tu, akaenda Nairobi. Huko dukani hakupiga mpira hata mmoja. Alichukua draiva moja baada ya nyingine akazikunja kwenye goti lake, na iliyokataa kupinda ndiyo aliyorudi nayo. Akaitundika ukutani mwa klabu, chini ya ubao, na kila aliyeingia akapewa aikunje.

"Jaribu," aliniambia. "Hii hata wewe haiwezi kukuogopa."

Nilijaribu, nikashindwa, akacheka mpaka machozi. Kisha mbele ya watu wote akamkabidhi Sista Mwanamisi ile draiva ya zamani.

"Sista, shika hii. Ni ya wamama. Mimi siwezi simama mbele ya watu na fimbo inacheza-cheza."

"Ahsante, mzee," akasema Sista. "Nitakutunzia."

Syokau, aliyekuja kumpitia mumewe, alikuwa amesimama mlangoni.

"Na hiyo ya zamani ilikuwa na shida gani?" akamuuliza.

"Ilikuwa inapinda."

"Lakini si mpira ulikuwa unavuka?"

"Mama, watu hawaangalii mpira. Wanaangalia fimbo."

Wiki zilizofuata alifanya mazoezi. Mipira yote ikaenda kulia, mingine kwenye miiba, mingine mtoni. Alilaumu upepo, akalaumu viatu, akalaumu mipira kwamba ni ya zamani. Siku moja aliniuliza, uso mkavu, kama kamati inaweza kusogeza mahali pa kupigia kidogo upande wa kushoto. Alijua shida iko wapi. Mtu hawezi kuvusha mto mwaka mzima halafu asijue ni nini alichobadilisha. Lakini angeirudisha vipi fimbo aliyokwisha kuitukana hadharani? Hapo ndipo nilipomcheka zaidi. Baba yake alikuwa na akili: uta wa kujisifu ulikaa nyumbani, na porini hakukuwa na watazamaji.

Siku ikafika. Wanachama walipanga viti, wake zao wakaja, na mchungaji akaombea kiwanja. Chini mtoni wanawake walikuwa wakichota maji kwenye visima walivyochimba mchangani, punda wakisubiri. Ndululu akashusha fimbo ukutani, akapanguza mpini kwa leso, akaturuhusu tuutazame. Kisha akapiga kwa nguvu zake zote.

Mpira ukatoka chini chini, ukakata kulia, ukapotelea mtoni. Baada ya muda mwanamke mmoja, Kasyoka, akapanda ukingo akiwa na mpira unaodondosha maji, akamkabidhi Ndululu kwa mikono miwili.

"Mzee, hii yako imeingia kwa kisima. Siku ingine mkipiga mtuambie, tufunike maji."

Sista Mwanamisi akasimama, akafunga ushungi vizuri, akatoa draiva ya wamama. Hakutumia nguvu. Mpira ukapanda, ukanyooka, ukavuka. Tulipiga makofi, na Ndululu naye alipiga, maana angefanyaje. Jumatatu fundi akaandika ubaoni: M. Abubakar. Lilienea vizuri.

Jumamosi iliyofuata Ndululu akamjia Sista kando ya ofisi yangu, akizungumza polepole.

"Sista, hebu niazime ile fimbo kidogo. Nataka tu kuangalia kama mpini iko sawa."

"Chukua, mzee. Lakini usinivunjie, ni ya wamama."

Akangoja mpaka wote walipoingia kula. Nilikuwa dirishani na kikombe changu nilipomwona akiweka mpira mahali pale pale. Akapiga taratibu, kwa ule mkono wake wa polepole, na mpira ukapita juu ya mto ukaanguka mbali ng'ambo, katikati kabisa. Lilikuwa pigo zuri kuliko la Sista. Akageuka, fimbo ingali juu, akaanza kutazama klabu, dirisha moja baada ya jingine, akitafuta aliyeona.

Nikavuta pazia, nikamalizia chai yangu.