Mfereji Chini ya Maji ya Port Bell

Baba mdogo, aliyenilea katika kambi ya polisi Naguru alipokuwa bado askari, sasa alikuwa nahodha wa boti ya mizigo na abiria iliyokwenda visiwa vya ziwani kutoka Port Bell. Mwaka ule nami nikapata kazi bandarini hapo, ya kupima kina cha maji. Tulikuwa wawili, mhandisi Mkenya na mimi. Chombo chetu kilikuwa droni ya majini, ya njano, ndefu kama kitanda cha mtoto. Tuliipangia njia kwenye kompyuta, tukaishusha, nayo ikaenda na kurudi peke yake kati ya magugu, ikipeleka sauti hadi chini na kutuletea picha ya sakafu ya ziwa.

Wiki ya pili picha ilionyesha mfereji. Ulianzia gatini ukaelekea nje, kama vile mtu ameburuta gunia zito kwenye tope. Mhandisi alidhani ni bomba la zamani. Tulipopima tena baada ya siku saba, mfereji ulikuwa umechimbika zaidi na kusogea kushoto. Na huko kushoto, hatua chache tu, ilisimama nguzo ya chuma ya gati la zamani, imekatika, ncha juu.

"Bomba halisogei," mhandisi akasema.

Nilijua ni boti gani hupita hapo. Jumapili nikaenda nyumbani na picha kwenye simu. Baba mdogo alikuwa akipiga pasi shati lake la kazi. Alitazama muda mrefu, pasi ameishika hewani.

"Iko nani mwingine ameona hii?"

"Mhandisi tu."

"Mimi nasikia tumbo ya boti inagusa chini, miezi sasa. Nilimwambia tajiri mwenye boti. Akasema nipunguze woga, si mizigo."

Jumatatu tulipeleka barua kwa wakubwa wa bandari. Tukaambiwa tusubiri kikao.

Alhamisi asubuhi baba mdogo alimwambia tajiri kwamba hatang'oa nanga mpaka mzigo wa saruji upunguzwe. Tajiri hakubishana naye. Alipiga simu, na kabla ya saa kupita akafika nahodha mwingine, mtu mpole, akatusalimia kwa mkono. Baba mdogo alimwonyesha ile picha.

"Asante, mzee. Nitakaa kulia," akasema.

Alikaa kulia kweli. Tulimwona akijitahidi. Lakini upepo ulitoka upande huo huo, na boti iliyolala chini kwa mzigo haikumtii. Tulisikia mlio mrefu wa chuma kukwaruzana na chuma. Abiria waliosimama wakakaa wote kwa pamoja. Kisha boti ikainama polepole, kwa muda wa kumtosha mtu kuvua viatu, ikazama.

Wavuvi waliwaopoa watu mmoja mmoja. Nahodha alitoka. Fundi wa injini, aliyekuwa chini, hakutoka.

Kesho yake tuliombwa tuishushe droni kumtafuta. Niliipangia njia, mistari iliyobanana sana, na baba mdogo akaketi kando yangu kwenye kreti, akiwa amevaa shati la kazi. Picha zilikuja kipande kwa kipande: tope, mifuko ya saruji, ubavu wa boti.

"Rudisha kidogo," akasema.

Nikarudisha. Akavua kofia. Nami nikaandika namba za mahali pale, nikampa mhandisi awapelekee wapiga mbizi.