Katikati ya Barabara

Mjomba wangu ana ubishi wa aina mbili: ubishi wa kazi na ubishi wa njia. Wa kazi tumeuzoea. Ukimletea kiti kilichotoboka akakipapasa, akakuambia mguu mmoja wa nyuma ni mfupi, usithubutu kumwambia miguu yote iko sawa, hata kama wewe una macho mawili mazima na yeye hana hata moja. Wa njia ndio unaonitesa mimi, mpwa wake, kwa sababu ndimi ninayekaa naye tangu mama yangu, dada yake, alipofariki.

Surua ilimchukua macho kabla hajamaliza kung'oa meno ya utoto. Waliomlea wakamfundisha kusuka viti, na viti vikamweka mjini. Chumba chake kiko nyuma, kinanuka henzirani mbichi, zile fito za kusukia viti, na vanishi. Kuna karai la maji analolowekea henzirani, kigoda chake, na redio ambayo huizima kila taarifa ya habari inapoanza. Akisuka huimba. Sauti hana, na hilo ameambiwa na watu wengi, lakini husema waliomwambia hawajui muziki.

Kabla ya maradhi yaliyotufungia sote ndani kuja, kila asubuhi alikwenda dukani kwa kufuata ukuta. Mkono mmoja ukutani, mwingine kwenye fimbo. Na kijia cha waenda kwa miguu mtaani kwetu si kijia, ni vita. Huyu kaegesha pikipiki, yule kamwaga mchanga wa ujenzi, mwingine kamfunga mbwa pale pale na kamba yenye urefu wa kumfikia kila mpita njia. Mjomba alirudi nyumbani na magoti yamechubuka, akaulizwa kulikoni, akajibu, "Nimesalimiana na jirani."

Kisha amri ikatoka. Watu wakae ndani. Magari yasipite, isipokuwa ya wagonjwa na ya chakula. Anayetaka kunyoosha viungo atoke asubuhi, karibu na kwake, asikaribiane na mtu. Shule ninayofundisha ikafungwa. Mtaa mzima ukainama. Nilikuwa nasikia watu wakilia nyuma ya mapazia, na mimi nililia, sina haja ya kuficha. Barabara yetu, ndefu na iliyonyooka mpaka kwenye matangi ya maji, ikabaki nyeupe na tupu. Mvua zikaiosha. Asubuhi ukungu ulishuka ukalala juu yake bila kusumbuliwa na mtu, na majani yaliyoanguka yalikaa pale yalipoangukia.

Asubuhi moja nikaamka nikakuta mlango wa mbele uko wazi, na fimbo ya Mjomba imetundikwa kwenye ndoano yake. Nikatoka na kanga yangu, miguu mitupu, nikamwona. Alikuwa mbali, katikati ya barabara, nusu yake imezama kwenye ukungu. Mikono yake ilikuwa inaning'inia tu. Sikuwahi kuiona ikiwa haina kazi.

"Mjomba, unafanya nini huku?"

"Natembea, mwanangu."

"Na fimbo?"

"Imepumzika. Na yenyewe ina haki zake."

Nikataka kugomba, lakini alikuwa ametabasamu kwa namna ambayo sikuijua, na mimi uso ule nimeufuta jasho tangu nina akili. Akaniambia nisimame pale aliposimama, nifumbe macho. Nikafumba. Akaniuliza miguu yangu inasemaje. Sikuelewa. "Barabara ina mgongo," akasema, "ili maji ya mvua yaende pembeni. Ukitembea pembeni, mguu mmoja unakuwa chini, mmoja juu. Nimetembea kama kiti kibovu tangu utoto wangu. Hapa katikati miguu yangu ni sawa." Kisha akapiga kofi moja, sauti ikaenda kwenye kuta za upande huu na za upande ule, ikarudi pande zote mbili kwa pamoja. Akacheka. Nikabaki nimefumba macho zaidi ya nilivyohitaji.

Basi ikawa ndiyo kazi yake ya kila alfajiri. Nilimfuata siku za mwanzo, kisha nikaacha, kwa sababu alisema nyayo zangu zinamvurugia hesabu. Nikawa namtazama dirishani na kikombe cha chai mkononi. Alikwenda mpaka kwenye matangi, akarudi. Kuna siku alienda huku anaimba, na hakuna aliyefungua dirisha kumnyamazisha. Na kuna siku moja alikimbia. Mtu mzima, mvi kichwani, shati limetoka nje ya suruali, anakimbia kwenye ukungu na magoti juu kama mtoto aliyetumwa dukani akaahidiwa peremende. Alipofika mlangoni alikuwa anahema na amenyoosha mikono, akaniambia, "Sijakimbia tangu nilipokuwa naona." Nikamkumbatia, nikalia begani kwake, akanisukuma akasema namlowesha.

Baiskeli zilikuja baadaye. Mwanzoni mbili tatu, kisha makundi. Kumbi zao za mazoezi zimefungwa, na mtu fulani aliwaambia wenzake kwamba kuna barabara tambarare isiyo na gari. Wakaja na nguo za kubana, kofia ngumu vichwani, mabega yameinama. Sina neno na nguo za mtu, ila baadhi yao hawakuwa wamejitazama kwenye kioo. Walipita kimya. Hiyo ndiyo ilikuwa shida. Baiskeli zile nzuri hazina kelele. Unasikia upepo tu, na ukishausikia, imeshapita.

Mtaa ukachacha. Watu wamefungiwa na watoto wao siku nzima, halafu wanaona wageni wanapita wakihema na kutema mate mbele ya milango yao. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na hawa hawakuwa na kamba wala haya. Mama Dirisha, jirani yetu wa mbele, tuliyempa jina hilo kwa sababu makazi yake hasa ni dirishani, akaanza kuwamwagia maji ya kuoshea vyombo kutoka ghorofani. Wao wakamjibu kwamba barabara ni ya serikali. Yeye akawajibu kwamba mate si ya serikali. Kila asubuhi ikawa hivyo.

Halafu baiskeli moja ikamgusa Mjomba kiwiko. Kumgusa tu, mwenye baiskeli ndiye aliyeanguka. Alikuwa mwanamke mwenye kofia ya njano, akainuka magoti yakivuja damu, akaomba radhi, na Mjomba naye akaomba radhi, wakaachana kwa amani. Lakini Mama Dirisha alikuwa ameona. Kabla chai haijapoa habari ilikuwa imeshatiwa chumvi mtaa mzima.

"Watatuulia kipofu wetu," akatangaza kutoka juu.

Bwana Mita, mzee mstaafu aliyekuwa akisoma mita za maji, akaitikia kutoka mlangoni kwake, "Hatutakubali. Kipofu wetu ni mboni ya jicho."

Kipofu wetu. Watu walioegesha pikipiki mbele ya fimbo yake miaka nenda rudi, leo ndio wanaomwita wetu. Mjomba aliyasikia yote hayo akiwa amekaa kwenye kigoda chake, akavuta henzirani kwa nguvu ikakatika. "Niambie," akaniuliza, "hawa wananitaka niwe hai, au wanataka baiskeli ziondoke?" Nikamwambia labda yote mawili. Akasema, "Basi wachague moja, maana hivi vitu viwili havikai kiti kimoja."

Mipango yao waliipanga kwenye kundi la simu. Mimi nilikuwa nimetolewa kundini kwa kumjibu Mama Dirisha, na Mjomba hajawahi kuwemo. Kwa hiyo jioni ile walipotoka na barakoa zao, wakasogeza mapipa yaliyojazwa saruji, vyungu vya maua, kabati lililovunjika na chaga za kitanda, wakavipanga barabarani kwa kupishanapishana ili baiskeli isipite, sisi tulikuwa chumba cha nyuma, redio inacheza, tunasuka. Walifanya kwa mapenzi. Bwana Mita alitoa hata chungu cha mkewe.

Alfajiri nilisikia kishindo, kisha sauti moja fupi ambayo mpaka sasa huisikia nikiwa peke yangu. Nikakimbia. Mjomba alikuwa ameanguka kando ya pipa, kidevu kimepasuka, kifundo cha mkono wa kulia kimevimba. Alikuwa anakimbia. Na aliyemwinua hakuwa mtu wa mtaa. Alikuwa Kofia Njano; ameitupa baiskeli yake upande wa pili wa kabati, amepiga magoti, amemlaza Mjomba kichwa kwenye mapaja yake, na kitambaa chake cha jasho amekibana kidevuni.

Madirisha yakafunguka. "Amemgonga," mtu akapiga kelele. "Si tulisema? Mkamateni huyo." Wanaume wawili wakatoka. Mwanamke yule akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango, lakini hakuondoa mkono kidevuni.

Mjomba akakaa. Akanyanyua mkono mzima, na mtaa ukanyamaza, maana hawajazoea kumwona akiwanyamazisha.

"Huyu hajanigonga," akasema. "Nimejigonga kwenye pipa. Nani kaweka pipa?"

Ndege walikuwa wanalia juu ya nyaya.

"Tulikuwa tunakulinda wewe, Mzee," Bwana Mita akasema mwishowe, sauti imeshuka.

"Najua. Baiskeli ilinigusa, nikabaki nimesimama. Nyinyi mmenilinda, na tazameni nilipo."

"Fadhila za punda ni mateke," Mama Dirisha akasema huko juu, lakini sauti ilikatika katikati, na dirisha likafungwa. Tukadhani amesusa. Kumbe alikuwa anashuka ngazi. Akaja na kanga aliyoifunga vibaya, mwanamke ambaye hatukuwa tumemwona chini tangu amri itoke, akakumbatia chungu cha maua kizito kuliko yeye, akakiburuta mpaka kwenye ukuta huku machozi yanaingia kwenye barakoa. Kisha akarudi kuchukua kingine. Wengine wakaona aibu, wakamfuata.

Mkono ulikuwa umeteguka, haukuvunjika. Alikaa bila kusuka, na siku hizo alikuwa mtu mgumu kuishi naye. Alikosoa mpaka namna ninavyofunga mlango. Hakuuliza habari za mkono wala za kidevu. Aliuliza kila kukicha kama barabara ni safi. Nilipomwambia ni safi, akaniambia nirudi nikatazame tena.

Kofia Njano alirudi kumjulia hali, akasimama mbali kama sheria inavyotaka. Mjomba akamwambia, "Binti yangu, mimi siogopi baiskeli yako. Naogopa ukimya wake." Akamweleza jinsi watoto wa zamani walivyobana kipande cha karatasi ngumu kwenye gurudumu ili njiti zikipige na baiskeli ilie kama pikipiki. Yule binti akacheka. Kesho yake wakaja yeye na wenzake, na Mama Dirisha akawa amesimama mwanzo wa barabara na beseni la vibanio vya nguo na makasha ya sabuni aliyoyakata vipande. Hapiti mtu bila kubaniwa. Waliojitia kukataa walikumbushwa maji ya vyombo. Watu wazima wa heshima zao, na baiskeli za bei mbaya, wakapita mtaani kwetu wakilia takatakataka.

Zile ndizo asubuhi ambazo nikifumba macho zinarudi. Ukungu, na sauti ile inakuja kutoka mbali, nyepesi, mfano wa mvua inayoanza kwenye majani makavu. Mjomba katikati, hana fimbo, mkono umefungwa bandeji, anatembea. Sauti inamkaribia, inagawanyika, inapita kulia kwake na kushoto kwake, inaungana tena mbele, inayeyuka. Hakuinamisha kichwa wala hakusimama. Alitembea na wale watu kama mtu aliyepewa nafasi yake kwenye mstari. Watu wa mtaa walikaa madirishani wakitazama.

Kisha amri ikaondolewa. Iliondolewa jioni, na kulipokucha hapakuwa na ukungu, au ulikuwapo na magari yakaukanyaga. Watu walitoka na sufuria wakizigonga. Malori yakapiga honi toka matangini mpaka sokoni. Bwana Mita alikumbatia kila aliyepita. Mama Dirisha alikuwa barabarani anacheza, mikono juu, na pikipiki zinamzunguka.

Mjomba alikuwa ameshavaa viatu. Nilimkuta amesimama kwenye ukingo wa barabara, uso ameuelekeza kule alikozoea kwenda. Akashusha mguu mmoja. Gari likapiga breki, dereva akatoa kichwa. "We mzee, huoni?" Akaurudisha mguu. Akasubiri. Akaushusha tena, honi nyingine ikalia, akaurudisha. Nikamshika bega. Nikasema walilokuwa wanasema watu wote.

"Mjomba, twende tukasherehekee. Tumefunguliwa."

Akasikiliza magari, moja baada ya jingine, kama anayesubiri litakalokuwa la mwisho.

"Hongereni," akasema. "Nyinyi mmefunguliwa. Mimi nipe mkono, nikafungiwe tena."

Nikampa kiwiko changu, na mtaa mzima ukiwa nje unacheza, sisi wawili tukaingia ndani.