Picha Pekee ya Mzee Kidevu

Nilikuwa nakata picha za pasipoti za mwalimu mmoja simu kutoka hospitali alikolazwa baba ilipolia. Muuguzi aliuliza, "Wewe ni nani wake?"

"Bintiye."

"Njoo na ndugu mwingine. Usije peke yako."

Hapo nikajua. Mkasi uliendelea kukata, nikampunguza mwalimu sikio zima pichani. Alikuwa kwenye benchi akinitazama.

Baba alipiga picha miaka thelathini na moja katika chumba kimoja chenye pazia la bluu na kigoda. Watu walimwita Mzee Kidevu, kwa sababu kila aliyeketi mbele yake aliambiwa, "Inua kidevu." Kwa wenye woga aliongeza, "Inua, bwana harusi, mahari umeshamaliza, unamwogopa nani tena?" Wakicheka, anabonyeza. Alinifundisha kwamba uso wa mtu hukaa wazi kitambo kidogo baada ya kicheko, kabla hajakumbuka kujipanga. Kazi ya mpiga picha ni kukingoja kitambo hicho. Simu zilipochukua wateja wetu, hakuiacha kamera yake ya filamu. "Nyinyi mnapiga mia," alisema, "hamtazami hata moja."

Yeye mwenyewe hakukubali kupigwa. "Kinyozi hajinyoi." Picha ya harusi yake na mama ililiwa na mchwa. Wiki moja kabla hajalazwa, mama alimkalisha kwenye kigoda kwa nguvu.

"Kinyozi hajinyoi, lakini ana mke. Inua kidevu, mzee!"

Baba alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mama akabonyeza mara mbili. Filamu ilikuwa haijaisha, ikabaki ndani ya kamera.

Jioni ya msiba mama alisema jambo moja tu: "Nisafishie ile picha. Uso wa mama yangu nilishausahau. Wa huyu sitaki niusahau."

Nikaenda studio. Kanuni ya kwanza niliyofundishwa, nikiwa darasa la sita, ni kuirudisha filamu kwenye kopo lake kwanza, ndipo ufungue kamera, maana mwanga huiunguza. Nimefanya hivyo mara elfu. Siku hiyo niliwasha taa, nikaketi, nikafungua kifuniko cha nyuma. Filamu ilikuwa imejiviringisha mbele ya macho yangu, mwanga wote juu yake. Nikafunga upesi, kana kwamba mwanga ni kuku anayeweza kufukuzwa. Nikapiga magoti. "Mungu wangu, nirudishie dakika moja tu. Sikuombi miaka." Nilijua ninachoomba hakipo.

Niliisafisha hata hivyo. Picha za mwanzo zilikuwa ndani kabisa ya mviringo, zikapona: mtoto wa jirani mwenye pengo, na maseremala wawili wamekumbatiana. Za mwisho, za juu, zilikuwa nyeusi tupu. Zake zilikuwa za mwisho.

Nilimwambia mama mbele ya shangazi, maana tukiwa wawili ningedanganya. Shangazi, dada yake baba, alishika kiuno. "Mtoto wa fundi wewe! Unafungua kamera kama sufuria?"

Mama hakunigombeza. "Hata kivuli chake?"

"Hata kivuli, mama."

Akajifunika uso kwa mtandio. Naamini Mungu amenisamehe. Mimi mwenyewe sijaweza, na sioni njia.

Tulimzika kesho yake saa nane mchana. Ibada ilifupishwa kwa sababu ya mvua. Kabla jeneza halijafungwa, mama alisogea akamtazama baba. Hakulia. Aliutazama uso ule kuanzia kwenye paji, taratibu, akarudia. Watu wakaanza kuhamahama nyuma yetu.

Shangazi akamshika mkono. "Wifi, watu wanangoja."

"Waache wangoje."

Akaendelea. Kisha akarudi nyuma hatua moja, mafundi wakaweka kifuniko wakakaza misumari. Wanaume wanne walimteremsha kwa kamba. Mama alitupa udongo, nikafuata mimi, kisha shangazi. Tulipomaliza kuomba, mvua ilikuwa bado inanyesha, tukaondoka.