Nilimfanya Mwalimu Aamini Masikio Yake Yamekufa

Mimi ndiye niliyekosea. Nisimsingizie shetani, wala shida, wala marafiki wabaya. Nilikuwa na kazi, nilikuwa na mke mzuri, na Kitengela nzima nilijulikana kama fundi wa redio asiyebadilishia mtu spea. Ni jina hilo zuri nililotumia kumwibia mzee aliyeniamini. Nawaomba mnisikilize hadi mwisho, halafu mkitaka kunitukana, mnitukane.

Hii maneno ilitokea miaka ya tisini ikielekea kwisha. Nilikuwa nimetoka kwetu Vihiga nikiwa kijana, nikafungua kibanda kando ya barabara ya kwenda Namanga. Kitengela ilikuwa bado vumbi tupu na ploti zenye nyasi. Wamaasai waliniletea redio zao ndogo za betri, wakinisalimu "Supa, fundi!", na watu wa viwandani waliniletea deki zilizomeza kaseti. Zote nilikuwa natengeneza.

Sasa kulikuwa na mzee mmoja tuliyemwita Mwalimu. Ni mtu wa Murang'a, alikuwa amestaafu na kujenga nyumba kubwa ya mawe njia ya kuelekea Isinya. Ndiye alifundisha kwaya ya kanisa letu, na mke wangu, Mama Linet, aliimba alto hapo. Huyo mzee alikuwa na sikio, ngai! Kwaya nzima ikiimba, mtu mmoja huko nyuma akiteleza kidogo tu, Mwalimu anainua kidole na kumwangalia yule yule aliyeteleza. Sio jirani yake. Yeye!

Mke wake alipofariki, watoto wakiwa wameshaenda kwao, Mwalimu aliona nyumba imekuwa kubwa sana kwa mtu mmoja. Akaipangisha kwa familia fulani, yeye akahamia nyumba ndogo ya vyumba viwili huko nyuma, kwenye ploti ile ile.

Shida ikawa ni mtambo wake wa muziki. Ulikuwa umejaza ukuta mzima: amplifaya mbili, deki, kinanda cha santuri, na spika mbili zenye masanduku yaliyonifika kiunoni. Alikuwa amevikusanya pole pole tangu akiwa kijana wa kufundisha, yeye na mkewe. Akaja kibandani kwangu, kofia mkononi.

"Fundi," akasema, "nataka huu mtambo upungue mwili. Lakini usipungue sauti. Inawezekana?"

Nikamwambia inawezekana kabisa. Na hapo sikudanganya! Kazi hiyo nilikuwa naijua. Unaacha amplifaya moja ile nzuri, unatoa spika zenyewe kwenye masanduku makubwa, unazitengenezea masanduku madogo ya mbao nzito, unayaziba vizuri, unaweka pamba ndani. Besi inapungua kidogo sana, lakini kwa chumba kidogo hata huwezi kujua. Seremala akanitengenezea masanduku mawili mazuri sana, ya kukaa juu ya kabati.

Nikafunga spika za Mwalimu ndani, nikazijaribu pale kibandani. Wee! Nilisimama tu. Ilikuwa kama watu wameingia kwenye kibanda na kuanza kuimba mbele yangu. Mtu anayepita na mkokoteni akasimama. Mama wa kuuza nyanya akauliza, "Fundi, hiyo ni redio gani?" Nikajiona mkubwa.

Nilipaswa kuzipeleka siku hiyo. Nikakaa nazo siku ya kwanza. Ya pili. Siku ya tatu nikaanza kujiambia, huyu ni mzee, atasikiliza nyimbo mbili halafu asinzie. Mimi niko na biashara. Watu wakisikia sauti kama hii hapa, watakuja wote. Nani atajua?

Wenzangu, nilifanya hivi. Nilinunua spika za bei rahisi zenye ukubwa ule ule, nyepesi hata ukizishika unajua ni takataka. Nikazifunga kwenye masanduku mazuri ya Mwalimu na kuzifunika na kitambaa kwa mbele. Zake nikazibakisha, nikazitengenezea masanduku mengine ya plaiwudi. Halafu nikapeleka ule uongo kwa mwenyewe, nikaupanga juu ya kabati kwa heshima zote.

Mwalimu akaweka santuri. Akakaa. Mkono wake ukawa unaelekeza muziki hewani vile alizoea, halafu ukasimama. Akainama karibu na spika. Akarudi akakaa.

"Fundi, iko sawa?"

"Iko sawa kabisa, Mwalimu."

"Sisikii ile besi. Na hawa wanawake wanaimba kama wako ndani ya debe."

Na mimi, kwa huu mdomo wangu, nikamwambia: "Labda ni masikio, Mwalimu. Umri nao."

Mungu anisamehe! Kuiba niliiba, lakini hilo neno ndilo linaniuma hadi leo. Nililisema haraka, ili anilipe niende. Mzee akagusa sikio lake, akasema, "Inaweza kuwa." Akanishukuru. Akanipa hata chai!

Nilidhani yameisha hapo. Kumbe nilikuwa nimemtia ugonjwa.

Jumapili zilizofuata, Mama Linet alianza kurudi na habari. Leo Mwalimu amesimamisha wimbo mara nne na hakuna mtu amekosea. Leo ameuliza tena kama sauti ya nne, wale wa besi, wanaimba au wamenyamaza. Leo mtu aliteleza kabisa, sisi wote tulisikia, yeye akaangalia chini tu, hakuinua kidole.

"Ni nini inamsumbua huyu mzee?" mke wangu akaniuliza.

"Ni uzee," nikamjibu, nikiendelea kula.

Mara moja nilikutana naye njiani ametoka hospitali Kajiado, na pamba kwenye masikio yote mawili. Akaniambia wamemsafisha, wamempima, wakasema anasikia vizuri kwa mtu wa umri wake. "Hao ni watoto," akasema. "Mimi najua vile nilikuwa nasikia. Wewe fundi ndiye uliniambia ukweli."

Nilitaka ardhi ipasuke! Lakini niliongea? Sikuongea. Nilimshika mkono nikamwambia pole.

Kwaya ilikuwa inajitayarisha kwenda kuimba Kajiado na kwaya zingine za wilaya. Zikiwa zimebaki wiki tatu, Mwalimu akasimama mbele yao, akawaambia mtu asiyesikia hawezi kufundisha wengine kuimba, akaweka daftari lake la nyimbo kwenye kiti na kwenda. Mama Linet alirudi akilia. Walienda hivyo hivyo na kijana asiyejua vizuri, wimbo ukawapotea katikati, watu wakacheka. Mke wangu alifika nyumbani, akavua ile sare ya kwaya na kuitupa chini ya kitanda. Mimi niko hapo, naangalia.

Na kibandani biashara ilikuwa nzuri! Watu walikuja kweli. Nikimwona Mwalimu anakuja kwa mbali na mwendo wake wa pole, nilikuwa nazima muziki haraka. Miezi nilifanya hivyo. Mtu mzima, nazima redio kama mtoto anayeficha sukari!

Halafu siku moja, saa kumi hivi, nilikuwa nimeinama nikiunga waya, mgongo kwa mlango. Mteja alikuwa ameniachia kaseti ya kwaya, ilikuwa inacheza kwa nguvu. Nilipogeuka, Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwa amesimama muda gani. Macho amefunga. Mkono wake ulikuwa unapanda na kushuka, na kila sauti ilipoingia, kidole kilikuwa hapo kuingojea.

Sikuweza kuzima. Mkono ulikataa.

Wimbo ukaisha. Akafungua macho, akaangalia yale masanduku yangu ya plaiwudi, halafu akaniangalia mimi. "Fundi," akasema pole pole, "hiyo ni sauti yangu."

Hata hapo nilidanganya! "Ni... ni za mteja, Mwalimu."

Akatingisha kichwa. "Mwambie huyo mteja azitunze." Akavaa kofia yake, akaenda. Hakupiga kelele. Hakuniita mwizi mbele ya watu. Afadhali angeniita!

Nilifunga kibanda, nikaenda nyumbani, nikamwambia mke wangu kila kitu. Nilidhani atauliza kuhusu wizi. Aliuliza kitu kimoja tu: "Ni wewe ulimwambia ni masikio?" Nikasema ndiyo. Aliniangalia kama mtu ambaye amekuta mgeni ndani ya nyumba yake. "Kesho asubuhi tunaenda," akasema. "Na mimi nitakuwa hapo nikikuangalia."

Tulimkuta Mwalimu anamwagilia sukuma wiki. Nilipiga magoti kwenye matope, nikasema yote. Alifungua mlango, akavuta kiti, akakaa akanitazama nikitoa zile takataka na kurudisha spika zake. Nikajichoma na chuma cha kuungia, nikaendelea. Nilipomaliza nikashika santuri nimjaribie.

"Usiwashe," akasema. "Nitawasha mwenyewe ukishaenda."

"Mwalimu, nisamehe."

"Spika umerudisha," akasema. "Nimekusamehe spika. Sasa nirudishie ile miezi kumi niliyokuwa kiziwi."

Mke wangu akamwomba arudi kwaya. Mwalimu akamwambia, "Mama Linet, kuna kijana pale sasa, anajifunza. Nikirudi, yeye aende wapi?" Na hakurudi.

Mwaka uliofuata binti yake alikuja kumchukua, akaenda kuishi naye Entarara, kule karibu na Loitokitok. Hakusema jina langu kwa mtu yeyote Kitengela. Watu waliendelea kuniletea redio na kunisifu, na kila sifa ilikuwa inanichoma. Mwishowe nilifunga kibanda, nikaandikwa kazi ya stoo kwa kiwanda kimoja.

Alipofariki, baada ya miaka michache, Mama Linet alienda mazishi na wanakwaya. Mimi sikuwa na uso wa kwenda. Aliporudi aliniambia kitu alichoambiwa na huyo binti. Kwamba ule mtambo mdogo ulikuwa unacheza vizuri sana, wageni wote walikuwa wanaushangaa. Lakini kila mara mzee akiweka santuri alikuwa anawaita wajukuu na kuwauliza, "Besi iko? Mnaisikia? Niambieni ukweli." Walimwambia iko, babu. Dakika kidogo anawauliza tena.

Mnaona? Nilirudisha kila kitu, waya kwa waya, na bado hakuwahi kuyaamini masikio yake tena.

Mafundi wenzangu, na hata wewe ambaye si fundi, wewe unayeshika kazi ya mtu ambaye haelewi kilicho ndani: nawasihi! Ukifanya kazi mbaya na mwenyewe akulalamikie, usimgeuzie lawama. Usimwambie ni macho yake, ni masikio yake, ni akili yake imezeeka. Anaweza kukuamini. Kubali kosa hapo hapo, aibu ikiwa bado ni ndogo na ni yako peke yako.